Shaba Haivutwi na Sumaku. Basi Nani Aliishika?

Niliiachia sumaku kwenye mdomo wa bomba, nikasubiri mlio.

Mlio haukuja.

Bomba lilikuwa la shaba, urefu wa mita moja, kipande kilichobaki baada ya fundi kumaliza kazi yake. Nilikuwa nimelishika wima. Sumaku zilikuwa tatu ndogo za neodimiamu, zile zenye nguvu sana, zimeng'ang'aniana mpaka zikawa kama kipande kimoja cha chaki iliyovunjika, kwa hiyo nitazihesabu kuwa moja. Mpwa wangu alikuwa amekinga kiganja chini. Hapakuwa na sayansi yoyote iliyokuwa ikifanyika pale. Tulikuwa tunachezea vitu tu. Tukangoja. Nikainamisha uso kuchungulia kwa juu, nikidhani imekwama, na humo ndani nikaiona ikishuka taratibu, haigusi ukuta, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akipapasa kila kipandio kwa mguu.

Mwishowe ikatua kiganjani mwake.

"Mjomba, mbona imechelewa?"

"Hewa," nikajibu, hata sikufikiri. "Hewa imebanwa chini yake."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kucheza. Aliniamini.

Hilo ndilo lililonikosesha raha kwa wiki tano.

## Hewa haina hatia

Kukosea si neno. Kilichoniuma ni kwamba nilijibu kwa sauti ya mtu anayejua, wakati ushahidi wa kunisuta ulikuwa mkononi mwangu. Bomba lilikuwa wazi juu na chini. Kati ya sumaku na ukuta palikuwa na nafasi ya kutosha hewa kupita. Ingebanwa wapi?

Usiku ule ule nikatafuta bomba la plastiki lenye upana sawa na lile la shaba. Sumaku ikapita kama jiwe lililotupwa kisimani. Kitu kinachoanguka bila kuzuiwa humaliza mita moja kwa muda usiofika nusu sekunde, na hiyo ilimaliza hivyo. Nikarudi kwenye shaba, nikahesabu: sekunde saba.

Hewa ni ile ile, upana ni ule ule. Kilichobadilika ni ukuta.

Nikaja na dhana ya pili, ambayo nayo naikiri hapa kwa aibu: labda shaba hii imechanganywa na chuma, sumaku inavutwa na ukuta, ndiyo maana inajikokota. Nikaibandika sumaku nje ya bomba. Haikushika. Na hata ingekuwa inavutwa, ingeganda ukutani, isingeshuka katikati kwa adabu namna ile. (Wa maabara watanisahihisha kwamba shaba husukumwa na sumaku. Ni kweli, ila kwa nguvu ndogo mno, haiwezi kuinua hata unyoya. Sio yenyewe.)

Nikalilaza bomba mezani, sumaku ikiwa ndani. Kimya. Hakuna kinachoivuta, hakuna kinachoisukuma. Nikainua upande mmoja wa bomba mpaka sumaku ikaanza kuteleza, na papo hapo kile kitu kikaikamata. Nikalaza tena bomba, kikaiachia.

Nilirudia hivyo mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mzima.

Chochote kilichokuwa ndani ya bomba lile, hakikuwepo mpaka sumaku iende.

## Sindano iliyochoka mapema

Nilipoanza kusoma nilikuta kwamba ujinga wangu una historia ndefu na ya heshima. Mwaka 1824, Mfaransa François Arago aliona jambo dogo. Sindano ya dira ikisukumwa huyumba huku na huko kwa muda kabla ya kutulia. Lakini ikiwa juu ya bamba la shaba, huchoka mapema. Shaba haiivuti, haiisukumi, haiisogezi kutoka kaskazini. Inaichosha tu.

Arago akaligeuza swali. Kama shaba iliyotulia huituliza sindano inayokwenda, shaba inayokwenda itaifanya nini sindano iliyotulia? Akaizungusha sahani ya shaba chini ya dira. Sindano ikaanza kuifuata, na mzunguko ulipoongezwa kasi, ikazunguka nayo. Katika vifaa vya kuonyeshea jaribio hili huwekwa kioo kati ya sahani na sindano, makusudi kabisa, ili mtu asije akasingizia upepo.

Niliposoma hapo nilifunga kompyuta kwa muda.

Mwaka uliofuata, Waingereza wawili, Charles Babbage (huyu huyu wa mashine za kukokotoa) na John Herschel, waliendelea na jambo hilo. Wakazungusha sumaku chini, shaba nayo ikafuata. Kisha wakaichana sahani kwa mipasuo kutoka ukingoni kuelekea katikati. Nguvu ikapungua sana. Wakaiziba mipasuo kwa metali, nguvu ikarudi.

Hebu litafakari hilo. Ukichana sahani ya shaba, hujaondoa shaba ya maana. Uzito ni karibu ule ule, umbo ni lile lile. Ulichoondoa ni njia. Kitu fulani kilikuwa kinapita mle kwenye shaba, kikizunguka, nao wamekikatia barabara.

Walikuwa na jibu mkononi na hawakulisoma. Nami ningekuwa pale nisingelisoma. Ningesema ni hewa.

Nilichukua msumeno na kipande kingine cha bomba, kifupi, nikakichana kwa urefu wake wote, ufa mmoja tu. Sumaku ikashuka haraka zaidi kuliko kwenye bomba zima, ingawa haikuporomoka kama kwenye plastiki. Kidole changu kilikatwa na ukingo wa shaba, lakini nililala vizuri usiku ule.

## Mtu aliyekwenda chumba cha pili

Miaka minne kabla ya sindano ya Arago kuchoka, yaani 1820, Hans Christian Ørsted kule Copenhagen alikuwa ameona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya unaopitisha umeme. Basi umeme huzaa usumaku. Wengi wakatamani kinyume chake: kama umeme huzaa usumaku, sumaku nayo ingezaa umeme. Ni matarajio ya haki kabisa. Wakaweka sumaku kali karibu na waya, wakangoja.

Wakangoja. Waya ukabaki waya.

Kati ya hao yupo mmoja ambaye nimemfikiria kuliko wote: Jean-Daniel Colladon wa Geneva, 1825. Alikuwa na koili ya waya, sumaku kubwa, na galvanomita ya kupimia mkondo. Kwa kuwa galvanomita yenyewe ina sindano ya sumaku, alihofia sumaku yake kubwa ingeivuruga na kumpa jibu la uongo. Akafanya kile ambacho mtu mwangalifu angefanya: akaipeleka galvanomita chumba kingine kwa waya mrefu. Akaiingiza sumaku kwenye koili, akatembea hadi chumba cha pili kutazama.

Sindano imetulia kwenye sifuri.

Alirudi, akajaribu tena, akatembea tena. Sindano ilikuwa imeruka alipokuwa anaisukuma sumaku, ikarudi mahali pake alipokuwa njiani. Uangalifu wake ndio uliomnyima.

Mimi huwa nacheka wanasayansi wakipitwa na jambo lililo mbele yao. Huyu sikumcheka. Hakuwa mzembe wala mvivu. Kosa lake lilikuwa kuamini kwamba kama sumaku inatoa umeme, itautoa muda wote ikiwa pale, kama taa itoavyo mwanga. Dhana hiyo haikuwa hata dhana kichwani mwake. Ilikuwa sakafu aliyosimamia.

Mwingereza Michael Faraday alilifikia jibu tarehe 29 Agosti 1831. Alikuwa na pete ya chuma yenye koili mbili, moja kila upande, zisizogusana. Alipoiunganisha betri na koili ya kwanza, sindano iliyofungwa kwenye koili ya pili ikashtuka, ikatulia. Mkondo ukiendelea kupita kwenye koili ya kwanza, sindano haikujali. Alipoikata betri, ikashtuka tena, safari hii upande wa pili.

Ikashtuka wakati wa kuanza. Ikashtuka wakati wa kuisha. Katikati, hakuna kitu.

Majuma machache baadaye, Oktoba, akaisukuma sumaku ndani ya koili tupu, na sindano ikaruka ilhali hakuna betri popote. Na sahani ya Arago, kitendawili cha miaka saba, nayo ikateguliwa mwaka huo huo.

## Chanya iko wapi?

Sasa nirudi ndani ya bomba. Lione kuwa ni pete nyembamba za shaba, maelfu, zimepangwa moja juu ya nyingine. Sumaku inashuka. Pete iliyo chini yake inaona sumaku ikikaribia: uga wa sumaku, yaani ule uwanja wa nguvu unaoizunguka, unaopita katikati ya pete unaongezeka. Kuongezeka huko, si uga wenyewe, ndiko kunakozisukuma elektroni za shaba kuizunguka pete. Elektroni zikizunguka ni mkondo. Na mkondo unaozunguka, Ørsted alishatuonyesha, ni sumaku.

Basi kila pete inageuka kuwa sumaku kwa kitambo, kisha inaacha.

Hapa ndipo nilipokwama siku nyingi, na sitaparuka, maana nahisi kuna wengine wamekwama hapo hapo kimyakimya. Mimi nilifundishwa umeme kwa betri. Betri ina chanya na hasi. Mkondo unatoka hapa unakwenda pale, kwa sababu pale pana upungufu na hapa pana ziada. Kila nilipouwaza umeme, niliwaza mteremko: kitu kinashuka kutoka juu kwenda chini.

Pete ya shaba haina juu wala chini. Haina ncha. Kila mahali ni sawa na mahali pengine. Sasa mkondo unaanzia wapi? Unaelekea kwa nani? Chanya iko wapi?

Haipo.

Msukumo wenyewe ni wa mviringo. Sumaku inapokaribia, panatokea msukumo wa umeme unaokwenda ukizunguka na kujirudia, hauanzii popote wala hauishii popote. Ni mteremko ambao ukiuzunguka unajikuta ulipoanzia na bado unateremka. Kwenye betri jambo hilo haliwezekani. Hapa ndilo lenyewe.

Nilielewa nilipolitazama tena lile bomba nililolichana. Ufa umeikata kila pete. Elektroni zinasukumwa kuzunguka, zinafika kwenye ufa, zinarundikana upande mmoja na kupungua upande wa pili. Hapo sasa, kwenye kingo mbili za ufa, ndipo chanya na hasi zinapozaliwa. Msumeno wangu ndio uliozileta.

Na nikaona kitu ambacho sijui nilikipitaje miaka yote: koili ya jenereta ni pete iliyochanwa. Ncha mbili zinazotoka kwenye jenereta, zile tunazofunga waya, ni kingo mbili za ufa.

## Kwa nini ni kuzuia, si kusukuma

Heinrich Lenz ndiye aliyeiandika kanuni ya mwelekeo, mwaka 1834: mkondo unaozaliwa huelekea upande wa kuyapinga mabadiliko yaliyouzaa. Pete ya chini, inayofikiwa na sumaku, inageuka sumaku yenye ncha inayofanana na ile inayokuja, inaisukuma juu. Pete ya juu, inayoachwa, inageuza ncha ya kinyume, inaivuta isiondoke. Moja inakataa ujio wake, nyingine inakataa kuondoka kwake. Hakuna inayoigusa.

Sumaku ikiongeza kasi, mabadiliko yanakuwa ya haraka zaidi, mkondo unakua, kizuizi kinakua. Ikipunguza kasi, kizuizi kinalegea. Kwa hiyo mara tu baada ya kuachiwa inapata mwendo ambao kizuizi kinalingana na uzito wake, na inabaki na mwendo huo mpaka chini. Ndiyo maana ilionekana kama inashuka ngazi na si kama inaanguka.

Lakini kusimama, haiwezi. Ikisimama, mabadiliko yamekwisha, mkondo umekufa, hakuna cha kuishika. Treni zenye breki za namna hii bado zinahitaji breki nyingine ya kuzishikilia zikishasimama, kwa sababu hiyo hiyo.

## Nilikosea tena

Nilidhani nimemaliza. Nikawa naandika makala hii kichwani, na katika kuandika nikasema sentensi moja kwa uhakika mkubwa: "Kinachoizuia sumaku ni ukinzani wa shaba." Inasikika vizuri. Ukinzani ni ule ugumu wa kitu kupitisha umeme. Mikondo inazunguka, shaba inaikinza, joto linatokea, nishati inapotea, sumaku inapunguzwa mwendo. Ukinzani ni kama msuguano. Si ndivyo?

Basi shaba yenye ukinzani mdogo ingezuia kidogo. Na kitu kisicho na ukinzani kabisa kingeiacha sumaku ianguke huru.

Sentensi hiyo ilikaa kichwani siku mbili kabla sijaishuku. Kilichonishtua ni plastiki. Plastiki ina ukinzani mkubwa kupita kiasi, na plastiki haikuzuia kitu.

Ni kinyume kabisa. Alumini ina ukinzani mkubwa kuliko shaba, na bomba la alumini la vipimo vile vile huipitisha sumaku kwa haraka zaidi. Ukiipoza shaba kwa naitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri, ukinzani wake hushuka hadi karibu moja ya nane, na sumaku huzidi kwenda polepole. Je, ukinzani ukiisha kabisa? Hilo si swali la kubuni. Mwaka 1911, Heike Kamerlingh Onnes kule Leiden aliipoza zebaki hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri na ukinzani wake ukatoweka. Tangu 1987 zipo seramiki zinazofanya hivyo kwenye ubaridi wa naitrojeni tu, na ukiiweka sumaku ndogo juu ya kipande chake, inaelea. Haishuki polepole. Inaelea.

Mkondo usio na ukinzani haufi. Ukishaamshwa na sumaku inayokuja, unabaki, unaendelea kuisukuma hata sumaku ikisimama. Kwenye shaba ya kawaida mkondo unaanza kufa pale pale unapozaliwa, kwa hiyo sumaku inabidi ishuke tena kidogo ili kuuamsha mwingine.

Ukinzani si breki. Ukinzani ni kule kuteleza kwa breki.

## Mizani

Wiki ya tano mpwa wangu alirudi. Nikamwambia: lile jibu la hewa lilikuwa uongo, nisamehe. Nikamwonyesha bomba la plastiki, nikamwonyesha bomba la shaba, nikamsimulia habari za pete. Alisikiliza kwa uvumilivu ambao watoto huutunza kwa ajili ya wakubwa wanaoungama.

Halafu akauliza: "Kama haigusi bomba, ikiwa humo ndani uzito wake unakuwa wapi?"

Nilifungua mdomo nijibu haraka. Nikaufunga.

Tukatafuta mizani ya kidijitali ya kuning'iniza, ya kupimia mizigo. Tukalitundika bomba kwa kamba, wima, tukakunja kitambaa chini yake. Bomba peke yake: gramu 450. Sumaku peke yake ina gramu 25. Nikamwambia akisie. Yeye akasema 450, kwa sababu kitu kilicho hewani hakina wa kumbeba. Mimi nilijua ninachopaswa kusema, nikasema 475, lakini kusema kweli tumboni nilikuwa upande wake.

Akaiachia sumaku. Namba zikacheza kidogo.

475.

Zikakaa hapo, sekunde baada ya sekunde, sumaku ikiwa inashuka katikati ya bomba bila kugusa chochote. Ikachomoka chini, ikaangukia kitambaa. 450.

Ndiyo, najua, ni kanuni ya kila kitendo na kitendo pingamizi. Pete zikiisukuma sumaku juu kwa uzito wa gramu 25, nayo inazisukuma chini kwa kiasi hicho hicho. Nimeiandika kwenye mitihani mara ngapi. Lakini kuiandika na kuiona mizani ikibeba kitu ambacho hakijatundikwa humo ni mambo mawili. Mikondo ile haionekani, haisikiki, haichomi mkono, inaishi sekunde saba na kufa. Na ina uwezo wa kubeba.

Kuhusu kuchoma mkono: nilipiga hesabu. Gramu 25 zikishuka mita moja zinatoa nishati ya karibu robo ya jouli. Karibu yote inaishia kuwa joto ndani ya gramu 450 za shaba, ambayo inalipandisha bomba kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya elfu ya nyuzi moja. Ungehitaji kuiangusha mara mia saba hivi, bomba likiwa halipoi kabisa, ili lipande nyuzi moja.

Mpwa wangu alitaka kujua kama sumaku inaishiwa nguvu kila inaposhuka. Haiishiwi. Kilichotumika ni ule urefu wa kwenda juu, na aliyeulipia ni mkono ulioinyanyua. Ukiwahi kuendesha baiskeli yenye dainamo utakumbuka pedali zinavyokuwa nzito ukiwasha taa; uzito huo ni huu huu, pete zikikataa sumaku. Kama kanuni ya Lenz ingeelekea upande mwingine, pete zingeisukuma sumaku mbele badala ya kuizuia, ingezidi kasi, mikondo ingezidi, na bomba la shaba lingetoa umeme wa bure hadi liyeyuke. Ile alama ya kutoa kwenye mlinganyo wa Faraday, ule wa kukokotoa msukumo wa umeme, ambayo mimi niliikariri bila kuuliza ni ya nini, ndiyo inayozuia hilo.

## Bomba likipanda

"Na kama sumaku itulie, halafu bomba ndilo liende?"

Swali hilo lilimfanya Albert Einstein, mwaka 1905, aanze nalo makala yake iliyozaa nadharia ya uhusianifu. Kwa maelezo ya wakati ule, sumaku ikienda na kipitishi (kitu kinachopitisha umeme, kama bomba letu) kikatulia, uga wa umeme ndio unaozaliwa na kuzisukuma elektroni. Kipitishi kikienda na sumaku ikatulia, hakuna uga wa umeme unaozaliwa. Elektroni zinasukumwa kwa sababu zenyewe zinakatiza uga wa sumaku. Hadithi mbili tofauti, mkondo mmoja, hata tarakimu ya mwisho haitofautiani. Yeye hakukubali kwamba maumbile yangekuwa na hadithi mbili kwa tukio moja.

Sikumweleza mpwa wangu hayo. Nilisema tujaribu.

Kama sumaku hushuka ndani ya bomba kwa sentimita 14 hivi kila sekunde, basi nikilipandisha bomba kwa sentimita 14 kila sekunde, sumaku ingebaki pale pale ilipo, hewani, bomba likipita kuizunguka. Nikapanda juu ya kiti nimelishika bomba, mdomo wake wa juu ukiwa usawa wa kifua chake. Yeye akaishika sumaku mdomoni mwa bomba, na kidole cha mkono mwingine akakiweka kwenye ukuta wa chumba, usawa ule ule, awe na alama.

Akaiachia. Nikaanza kuvuta, nikihesabu moja, mbili, tatu, mkono ukitetemeka kidogo. Bomba likapanda mbele ya uso wake. Nne. Tano. Sumaku haionekani, haisikiki. Sita. Ukingo wa chini wa bomba ukakaribia usawa wa kidole, na kabla haujakifikia sumaku ikatokeza chini yake.

Akaidaka. Kisha akapima kwa mkono kutoka kiganjani hadi kwenye alama ukutani.

"Vidole vinne," akasema. "Umevuta polepole, mjomba. Tena."